Kadi ya Mfungo

Sista Vestina alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake wote pale kituo cha afya: hakuwa tayari kumtibu mgonjwa asiyemwona. Ukimjia na habari za bibi yako, atakusikiliza mpaka mwisho, atatikisa kichwa kwa huruma, halafu atauliza, "Na bibi mwenyewe yuko wapi?" Kama bibi yuko nyumbani, basi na dawa itabaki kabatini mpaka bibi aje. Watu walinuna. Wengine, waliojua kwao ni Sumbawanga, walisema ukaidi ule ameubeba kwenye basi pamoja na mizigo yake. Yeye alicheka tu, kwa sababu hata mama yake mzazi alikuwa akisema hivyo hivyo.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, akiwa na siku ya pili tu tangu arudishwe kliniki ya wazee baada ya kukaa upande wa chanjo ya watoto tangu Idi, aliingia Sabrina binti Rehani, mwenye duka la vitenge sokoni. Hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

"Sista, naomba sindano ya usingizi. Vidonge vimeshindwa."

"Sindano ya nani?"

"Ya mzee. Halali. Huu mwezi wa tatu halali! Usiku anaamka mara sita, mara saba, anatoka nje, anarudi, anatoka tena. Mchana anasinzia na kijiko mdomoni. Juzi ameanguka akienda chooni, kapasuka hapa." Akagusa paji la uso wake. "Na sasa ameanza kuniita jina la marehemu mama."

"Na mzee mwenyewe yuko wapi?"

Hapo Sabrina akakaa, na machozi yakamtoka bila kelele. Alisema kaka yake, Anuari, anakuja na treni Jumamosi kutoka Tabora. Ameshakata shauri: Jumanne ijayo anaondoka na mzee, na nyumba yetu ya hapa Mpanda, mtaa wa Shanwe, inafungwa. "Anasema nimeshindwa kumtunza. Na kwa kweli, Sista, nimeshindwa. Lakini mzee hataki. Jana kashika nguzo ya baraza kama mtoto anayekataa shule. Anasema kwenye nyumba ile atatolewa na jeneza tu."

Vestina alimkumbuka vizuri Mzee Rehani. Alikuwa mfanyakazi wa reli mstaafu, mgonjwa wa moyo na presha, mtu wa shati lililopigwa pasi, anayefika kliniki kabla ya mfagiaji. Mtu huyo kuokotwa chini, damu ikimtoka usoni? Kilimuuma, na alipoumizwa na jambo Vestina hakuwa mtu wa kukaa nalo.

"Sindano sitoi," alisema. "Saa tisa nikitoka kazini nakuja kwenu mwenyewe. Na usimpe kitu chochote kipya mpaka nifike."

Muuguzi mwenzake, Faith, aliyekuwa akipanga mafaili, alimkumbusha kwamba ratiba ya wiki ile haina kutembelea wagonjwa majumbani. Vestina alimjibu kwamba ratiba haina miguu, yeye anayo.

Alimkuta mzee barazani, amekaa kwenye kiti cha kamba, kidevu kifuani. Plasta ilikuwa juu ya nyusi ya kushoto, na shati lilikuwa limefungwa vifungo visivyolingana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Macho yalifunguka taratibu, yakahangaika. "Treni imeshaingia?"

Vestina alifungua begi lake. Alimpima presha akiwa amekaa, akampima tena akiwa amesimama, akabonyeza miguu kuona kama imejaa maji. Miguu ilikuwa mikavu, nyembamba. Halafu akatandika mkeka na kumwambia Sabrina alete dawa zote zilizomo katika nyumba ile, hata za kikohozi, hata zilizokwisha muda, zote.

Zilikuja katika mfuko wa plastiki. Vestina alizipanga moja moja: ya presha, ya moyo, kile cha kukojosha ambacho wagonjwa wenyewe hukiita kidonge cha maji. Mwisho kabisa kilitoka kijipakiti cha karatasi kisichoandikwa kitu, ndani yake vidonge vidogo.

"Na hivi?"

Sabrina aliangalia mkeka. "Vya usingizi. Nilinunua duka la dawa. Kaka alinielekeza kwa simu. Wiki ya sita sasa. Tulianza na nusu, halafu kimoja, siku hizi viwili."

"Sabrina! Mnamlewesha mzee wa watu halafu mnashangaa akianguka? Viwili! Mimi mwenyewe na mwili wangu huu nikimeza viwili mtaniokota mtaroni!"

Alisema mengi zaidi, mengine yasiyofaa kuandikwa, na Sabrina aliyapokea yote ameinamisha kichwa. Lakini Vestina alipotulia alijiuliza swali ambalo alipaswa kuanza nalo. Vidonge hivi vilinunuliwa kwa sababu mzee halali. Kabla ya vidonge, nini kilimnyima usingizi?

"Baba, hiki cha maji unameza saa ngapi?"

Kwa mara ya kwanza mzee alinyoosha mgongo. "Wakati wa futari. Tende tatu, maji, kidonge."

"Futari? Baba, tuko mwezi wa sita. Mfungo uliisha zamani."

"Ndivyo nilivyoandikiwa."

"Hafungi, Sista," Sabrina alidakia. "Anakula mchana vizuri tu. Ila hicho kidonge lazima asubiri adhana ya magharibi. Ukimpa asubuhi anakitema."

"Amri ya maandishi haiondolewi kwa mdomo," mzee alisema, na sauti yake ikawa ya kazini. "Kwenye reli, mkianza kubadilisha kwa kudhani, mnagonganisha treni. Nimeandikiwa futari. Sijaandikiwa kingine. Angalia nyuma ya mlango."

Vestina alinyanyuka akaenda kuangalia. Nyuma ya mlango, imebanwa kwa pini nne, ilikuwepo kadi ya manila. Juu ulichorwa mwezi mwandamo. Chini yake tende tatu, na pembeni ya tende, kidonge. Upande wa pili kikombe cha uji wa daku, na vidonge vingine viwili. Tende zilichorwa vibaya, zilionekana kama maharage. Chini kabisa palikuwa na jina na sahihi: Vestina.

 Aliikumbuka siku ile. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, na wazee kadhaa wa kliniki walikuwa wameapa kufunga, daktari apende asipende. Badala ya kugombana nao, yeye alikaa chini akapanga upya saa za dawa kwa kila mmoja, akawachorea kadi kumi na mbili ili hata asiyejua kusoma aelewe. Kidonge cha maji alikihamishia jioni, ili mtu aliyefunga asikauke mchana. Kila mtu alimsifu. Na alikusudia kabisa, kliniki ya kwanza baada ya Idi, kuzikusanya kadi zote na kuwarudisha asubuhi. Idi ikapita, akahamishiwa kwenye chanjo, na kadi zikabaki ukutani. Wagonjwa wakaendelea kuchukua dawa zilezile dirishani, na dirishani hakuna aliyeuliza mtu anameza saa ngapi.

Kwa hiyo mzee alikuwa akimeza kidonge cha kukojosha jioni, halafu anapanda kitandani. Nani angelala?

Alisimama pale nyuma ya mlango muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyejua bado. Angeweza kuing'oa ile kadi, kuandika nyingine, na kuwaachia lawama zote wenye duka la dawa. Wazo hilo lilimjia lote, limekamilika, na lilikuwa tamu. Aliona aibu kwa jinsi lilivyokuwa tamu.

Alirudi mkekani na kadi mkononi. "Kosa ni langu," alisema. "Nilimhamishia dawa kwa ajili ya mfungo, nikasahau kumrudisha. Haamki kwa sababu ya uzee wala wazimu. Anaamka kwa sababu nimemwandikia aamke."

Sabrina alimtazama kwanza yeye, kisha kadi, kisha baba yake. Alichosema hakikuwa kile ambacho Vestina alikitegemea.

"Usimwambie kaka. Nakuomba, Sista. Akijua kwamba hata nesi kakosea, ndiyo atamchukua siku hiyo hiyo. Atasema Mpanda hakuna hospitali, hakuna dada, hakuna mtu. Mwambie tu dawa imebadilishwa."

"Nitamwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nataka aniamini nikimwambia lililobaki."

Siku ile ile aliandika kadi mpya. Alichora jua na chupa ya chai, akaandika tarehe, akatia sahihi. Mzee aliisoma mara mbili, akauliza kama ile ya zamani imefutwa rasmi. Vestina akaipiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona mbele ya macho yake, ndipo mzee akaridhika.

Vya usingizi havikuwa rahisi namna hiyo. Daktari Nathanael, aliyesikiliza habari yote huku akisugua kipara, alisema mtu aliyemeza wiki sita haachishwi ghafla. Kutoka viwili aende kimoja, baada ya wiki moja nusu, na kuendelea hivyo hadi vimwishe mwilini, na presha ipimwe kila siku. "Na utegemee siku za kwanza ziwe mbaya," aliongeza. "Familia itakuja juu. Utaweza?"

"Nimeyataka mwenyewe," Vestina alisema.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya kweli. Jumatano safari za nje zilipungua, lakini mzee alikaa kitandani macho kodo mpaka alfajiri, mikono ikimtetemeka. Alhamisi alimfokea Sabrina kwa kumwekea ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda, akisema yeye si mtoto mchanga. Vestina akamwambia kwamba hata dereva wa treni hateremki kila anapobanwa, na ndoo ikabaki. Kila asubuhi kabla ya kazi alipita Shanwe. Alimtoa mzee juani. Alipiga marufuku chai ya rangi baada ya alasiri, akapiga marufuku na usingizi wa mchana uliozidi nusu saa, na kumpa Sabrina daftari aandike mzee amelala saa ngapi na ameamka mara ngapi. Mzee akianza kusinzia barazani, Sabrina alimpa mchele achambue. Alichambua kwa hasira, lakini alichambua.

Na kila jioni Vestina alikuwa na kazi nyingine. Kadi zilikuwa kumi na mbili, na Mzee Rehani alikuwa mmoja tu. Alijifunga kibwebwe, akapanda bodaboda, akazifuata moja baada ya nyingine. Wengi walikuwa wamerudi asubuhi kwa akili zao wenyewe, wakamcheka kwa kuhangaika. Lakini Bi Sauda, mjane wa karibu na soko, alikuwa ameacha kunywa maji kabisa tangu adhuhuri ili asisumbuke usiku, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Vestina alikaa naye mpaka alipomaliza vikombe viwili. Alirudi nyumbani kwake amechoka kama mtu aliyelima, na hakujionea huruma.

Anuari alifika Jumamosi. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mfanyabiashara wa nafaka, aliyezoea kusema mara moja na kusikilizwa. Jumapili asubuhi Vestina alimkuta barazani.

"Sista, shikamoo. Nasikia unampunguzia mzee dawa ya usingizi wakati hata hiyo yenyewe haimlazi. Hiyo ni akili gani?"

"Marahaba. Kaa, nikueleze."

Alimweleza yote, bila kuruka. Sabrina alisimama mlangoni ameshika kichwa. Alipomaliza, Anuari alikuwa amebadilika rangi.

"Kwa hiyo ni wewe. Wewe ndiye uliyemwangusha baba yangu."

"Ni mimi niliyemwamsha. Kuanguka tumeshirikiana: mimi na kadi yangu, wewe na simu yako, na duka lililouza vidonge bila cheti. Mimi kosa langu nimeshaliandika kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, na nimeanza kulirekebisha. Wewe unataka kulirekebisha la kwako kwa kumhamisha."

"Jumanne naondoka naye!"

"Anuari." Ilikuwa sauti ya mzee. Hakuipandisha, lakini siku hiyo maneno yalitoka yakiwa mazima, kila moja mahali pake. "Mama yako yuko hapa. Kila Ijumaa namsomea Yasini. Nikienda Tabora, nani atakwenda kaburini kwake?"

 Anuari alikuwa mtoto wa mama yule, na tangu siku ya arobaini hakuwahi kulifikia kaburi.

Vestina aliona upenyo, akauingia bila kusita. "Usihesabu kwa kusimuliwa," alisema. "Weka godoro chumbani kwake, ulale naye, uhesabu mwenyewe. Akiamka zaidi ya mara mbili usiku wa kuamkia Jumanne, mizigo yake nitaifunga mimi kwa mikono yangu, na kituoni nitamsindikiza. Asipoamka, unamwacha."

"Sista!" Sabrina alipiga kelele.

Hata Vestina mwenyewe alishangaa alichokisema. Usiku wa Jumamosi mzee alikuwa ameamka mara tano. Lakini hakurudisha neno lake, na Anuari, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kupatana bei, alimtazama usoni kuona kama anatania. Akakubali.

Jumatatu asubuhi Anuari alisema, "Mara nne." Alisema kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujitoa. Vestina alipima presha, akatazama miguu, akaandika, akaondoka kwenda kazini. Siku hiyo hakumsikia mtu. Faith alimwita mara tatu.

Jumanne alifika kabla jua halijachomoza vizuri. Anuari alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, begi lake pembeni, macho mekundu.

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Saa sita. Akatumia ndoo, akarudi kulala." Anuari alikuwa akinong'ona. "Tangu hapo hajageuka hata upande, Sista. Adhana ya alfajiri imepita, hakuamka. Baba hajawahi kukosa alfajiri tangu nimjue. Nimemwita kutoka mlangoni, kimya. Na mimi... nimeogopa kuingia kumgusa."

 Mambo yote yalimpitia Vestina kichwani kwa mkupuo: moyo wa mzee, kile kidonge kimoja, miaka sabini na minane. Kwenye korido Sabrina alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Vestina alimpita, akasukuma pazia, akapiga magoti kando ya kitanda na kuushika mkono uliokuwa umening'inia nje ya shuka.

Ulikuwa wa moto. Mapigo yalikuja, moja, jingine, jingine, bila haraka yoyote. Halafu mzee akakoroma, mkoromo mnene wa mtu asiye na deni na yeyote, na Vestina akakaa sakafuni na kulia kama mtoto.

Kilio hicho ndicho kilichomwamsha. Mzee alifumbua jicho moja.

"Sista. Nani kafa?"

"Hakuna, baba. Kumekucha tu."

"Alfajiri?"

"Imeshapita."

Mzee alijiinua kwa kiwiko, akawatazama wote watatu, maana Anuari naye alikuwa ameshaingia. "Imepita! Watu wazima watatu mmenisimamia kama nguzo, hakuna hata mmoja wa kuniamsha? Sabrina, maji ya udhu. Nikalipe swala yangu."

Alinyanyuka mwenyewe, akashika ukuta, akatoka. Anuari alikaa kwenye godoro lake pale chini, akisema anapumzisha miguu dakika mbili kabla ya kujiandaa na safari, sasa ya peke yake. Hakuwa amefumba macho tangu Jumamosi usiku. Vestina alipomaliza kuandika kwenye daftari na kugeuka kumuaga, alimkuta ameshalala, viatu miguuni, kinywa wazi.

Mchana, alipopita tena kupima presha ya pili, alimkuta Mzee Rehani barazani, shati limefungwa vifungo sawasawa, ameweka kiti chake kizingitini kiasi kwamba hakuna awezaye kuingia. Honi ya treni ikasikika kutoka upande wa stesheni. Sabrina alitoka jikoni mbio, mikono ina unga.

"Baba! Treni inaondoka, na kaka bado yuko ndani!"

"Najua treni inaondoka," alisema mzee. "Mwache mwanangu alale."